Tarantula wa Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka mvua za kwanza zikishagonga mabati, mwishoni mwa Novemba au Desemba, simu yangu huanza kulia usiku. "Mwalimu, njoo uone dude hili." Anayepiga ni jirani wa Nala, au mzazi aliyehamia Iyumbu juzijuzi, au saidia fundi anayelala kwenye pagale akilinda saruji. Nikifika, mara nyingi dude lenyewe limeshapigwa kandambili na miguu imejikunja chini ya tumbo. Nafundisha baiolojia sekondari, na buibui hawa nimewafuatilia kwa tochi kwa miaka mingi. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya wale wanaopiga simu. Mji wetu unapanuka kuelekea vichakani, na vichaka hivyo vina wenyewe.

Nitajuaje kama niliyemwona ni tarantula?

Angalia unene kwanza. Tarantula ana mwili mzito wenye manyoya mengi, na miguu minene kama vidole vya mtu, siyo kama njiti. Jike aliyekomaa wa huku kwetu ana mwili wa sentimita 4 hadi 6, na ukimpima kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu anaweza kufunika kisahani cha chai. Rangi yake mara nyingi ni kijivu, kahawia au rangi ya majani makavu, na mgongoni mwa kifua chake huonekana mistari inayotawanyika kutoka katikati kama miali ya jua. Macho anayo manane, ila ni madogo na yamerundikana juu kabisa ya kichwa, kwa hiyo usitegemee kuyaona.

Alama ya uhakika ni meno yake ya sumu. Buibui wa kawaida wa nyumbani meno yake hukutana kama makali ya mkasi. Ya tarantula huelekea chini, yote mawili sambamba, kama sururu mbili. Ndiyo maana lazima ajiinue kwanza ndipo apige.

Wawili ndio huchanganywa naye sana. Wa kwanza ni yule buibui bapa wa ukutani, anayejibana kwenye nyufa na kukimbia upandeupande. Huyo hana madhara, tena anakula mbu na mende wadogo. Wa pili ni yule mdudu wa rangi ya mchanga anayekimbia kama upepo kuzunguka taa ya nje, anaonekana kama ana miguu kumi na ana mataya makubwa kama koleo. Huyo ni ndugu wa mbali wa buibui, na sumu hana kabisa. Anaweza kukubana ukimshika, basi. Watu wanamwogopa kupita kiasi kwa sababu anakimbilia kivuli chako, nao hudhani anawafukuza.

Jina "tarantula" limetoka wapi?

Taranto, mji wa bandari kusini mwa Italia. Huko karne nyingi zilizopita watu waliamini kwamba aliyeumwa na buibui fulani hapati nafuu mpaka acheze ngoma hadi ajichokee, na ngoma ya tarantela jina lake linatokana na mji huohuo. Buibui wa Taranto hakuwa hata na undugu wa karibu na hawa wetu. Alikuwa mdogo kuliko hawa na wa familia nyingine. Mabaharia na wasafiri wa Ulaya walipofika Amerika na kukuta buibui wakubwa wenye manyoya, walichukua jina walilolijua na kuwabandika.

Kwa Kiingereza wale wa Afrika huitwa buibui-nyani. Ukiangalia ncha ya mguu wake utaelewa: ina pedi nyeusi zinazofanana na kidole cha nyani.

Huku kwetu kuna aina gani?

Duniani kuna aina zaidi ya 1,000 za tarantula. Tanzania tuna sehemu yetu nzuri. Anayejulikana zaidi ni Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1897. Anapatikana kuanzia Kenya hadi kusini mwa Afrika, na sura zake hutofautiana kutoka eneo hadi eneo. Wengi ni kijivu au kahawia, lakini wale wa Usambara wana rangi ya chungwa kali kiasi kwamba wafugaji wa buibui huko Ulaya na Marekani huwatambua kwa jina la milima hiyo. Yupo pia ndugu yake Pterinochilus lugardi, ambaye wafugaji hao wamezoea kumwita kwa jina la Dodoma. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilifurahi sana: kuna mtu Uingereza anautaja mji wetu kila anapomlisha buibui wake.

Halafu kuna Eucratoscelus pachypus, wa Tanzania, mwenye miguu ya nyuma minene na yenye manyoya kama aliyevaa suruali ya baridi. Na kuna Encyocratella olivacea, naye wa Tanzania, ambaye badala ya kuchimba ardhini hujenga kifuko cha nyuzi juu ya mti. Usijaribu kuwatenganisha kwa rangi tu. Wataalamu wenyewe huangalia viungo vya uzazi kwa hadubini kabla ya kutamka jina.

Wanaishi wapi, mbona mchana hawaonekani?

Mchana jua la Dodoma linaikausha ngozi ya binadamu, sembuse ya buibui. Tarantula hupumua kwa mapafu manne yenye kurasa nyembamba kama za daftari, yaliyo chini ya tumbo, na kurasa hizo zikikauka anakufa. Kwa hiyo huishi panapobaki unyevu: kwenye shimo ardhini, chini ya mwamba, kwenye kichuguu kilichoachwa, katikati ya mizizi ya mgunga, au ndani ya ganda la mbuyu uliooza. Sehemu yetu hupata mvua za msimu mmoja tu, milimita mia tano na kitu kwa mwaka, na miezi inayobaki ni ukame. Shimo ndilo linalomwezesha kuuvuka.

Shimo lake utalijua kwa nyuzi. La panya huwa limechakazwa mdomoni na lina njia iliyopitwapitwa. La tarantula ni duara safi, upana wa sarafu au kidogo zaidi, na ukingo wake umetandikwa hariri nyeupe inayong'aa asubuhi. Pterinochilus hutandika nyuzi nyingi mno. Nimewahi kuinua jiwe bapa upande wa Mpunguzi nikakuta utando mnene kama kitambaa cha kuchujia maziwa. Nenda usiku, saa mbili au saa tatu, na tochi yenye mwanga hafifu. Utamkuta amekaa mlangoni, ncha za miguu ya mbele zimegusa nyuzi. Haoni vizuri. Anasikiliza kwa miguu.

Mbona mvua zikianza ndipo wanaingia ndani ya nyumba?

Wengi wa hao ni madume. Dume akishavua gamba lake la mwisho maisha yake hubadilika. Huacha shimo, hula kidogo sana, na hutembea usiku kucha akitafuta jike. Mvua hulainisha ardhi na kuleta unyevu hewani, naye hupata nafasi ya kusafiri bila kukauka. Njiani anakutana na ukuta wako, anakuta mwanya chini ya mlango, anaingia.

Utamtambua kwa wembamba wake, miguu mirefu, na vile viungo viwili vifupi vya mbele karibu na mdomo ambavyo ncha zake zimevimba kama ngumi. Ndani yake amebeba mbegu. Hutandaza utando mdogo kwanza, anaweka mbegu juu yake, kisha anazinyonya kwa ncha hizo. Akifika mlangoni kwa jike hugonga ardhi kwa miguu, na jike akikubali naye hugonga. Miguu ya mbele ya madume wengi ina ndoano za kuyazuia meno ya jike wakati wa tendo lenyewe. Wengine hawawahi kukimbia, wanaliwa. Hata anayenusurika huwa na miezi tu mbele yake.

Sababu nyingine ni ya kwetu sisi. Tinga likifyeka kiwanja, mawe yakasombwa na msingi ukachimbwa, wenye mashimo huhama. Hapo hata jike mzee, ambaye asingetoka umbali wa hatua tatu maisha yake yote, utamkuta kwenye veranda.

Wanakula nini? Ni kweli wanakula ndege?

Nyenje, mende, panzi, mbawakawa, kumbikumbi wanaoanguka baada ya mvua, nge, na mara mojamoja mjusi mdogo au chura. Hatandi utando wa kunasia kama yule wa pembeni mwa dari. Hungoja, anahisi mtikisiko, anaruka kwa hatua moja. Akishapiga meno humwaga majimaji ya kuyeyusha nyama, kisha ananyonya uji. Kinachobaki ni kidonge kidogo cha maganda, na ukikuta vidonge hivyo nje ya shimo jua mwenyewe yumo.

Habari ya ndege ilienea Ulaya kutokana na mchoro wa Maria Sibylla Merian wa mwaka 1705, uliomwonyesha buibui wa Suriname akila ndege mdogo. Yule mkubwa kuliko wote, wa misitu ya Amerika Kusini, anaweza kufikia gramu 170 na miguu yake kutandaa karibu sentimita 30, lakini hata yeye chakula chake cha kila siku ni wadudu, vyura na nyungunyungu. Wa kwetu ni nusu yake kwa ukubwa. Vifaranga wako salama; wahofie kicheche na mwewe.

Kwa nini husimama na kuinua miguu? Na ule mlio je?

Anakuonya. Tarantula wa Afrika hawana manyoya ya kurusha kama wenzao wa Amerika, kwa hiyo silaha yao ni moja tu, meno, nao hawapendi kuitumia kwa kitu wasichoweza kukila. Sumu kuitengeneza kuna gharama. Kwanza atajaribu kukimbia. Akikosa njia hujiinua, miguu ya mbele juu, meno wazi, na wengine hutoa sauti ya mkwaruzo kama mtu anayepitisha ukucha kwenye brashi ngumu. Sauti hiyo haitoki mdomoni. Husugua manyoya magumu yaliyo kando ya mataya.

Akifika hapo, rudi nyuma hatua mbili na usubiri. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara ameshusha miguu akaenda zake. Wanaoumwa, karibu wote ni waliomshika, waliomkanyaga, au walioingiza mkono mahali wasipopaona.

Wanaishi miaka mingapi?

Dume mwaka mmoja, miwili, mitatu. Jike anaweza kupita miaka 10, na wa aina fulani hufikia 20 na zaidi. Kuna binamu yao wa Australia, buibui mwenye mlango wa shimo, aliyefuatiliwa na watafiti kwa miaka 43 kwenye shimo lilelile mpaka alipokufa, na hata hivyo haukuwa uzee uliomuua bali nyigu.

Hili ndilo ninalotaka wanafunzi wangu walibebe. Jike unayempiga jembe leo kwenye kiwanja cha Ihumwa huenda alikuwa kwenye shimo hilo kabla Dodoma haijatangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Hapati watoto wengi wanaokua. Anataga makumi kadhaa ya mayai, yawezekana zaidi ya mia, anayafunga kwenye kifuko cha hariri na kuyalinda kwa wiki nyingi bila kutoka. Wanaobaki hai hadi kukomaa ni wachache mno. Akifa jike mmoja, nafasi yake haijazwi mwaka unaofuata.

Nimemkuta amelala chali. Amekufa?

Tazama miguu. Ikiwa imetawanyika wazi, anavua gamba, na usimguse hata kidogo. Buibui hakui bila kuvua ngozi ya nje. Hulala chali juu ya kitanda cha hariri, ngozi hupasuka, naye hujivuta nje taratibu kwa saa kadhaa. Mguu uliokatika huanza kuota upya wakati huo. Meno yake mapya ni meupe na laini, kwa hiyo kwa siku kadhaa hawezi hata kujitetea.

Ikiwa miguu imejikunja chini ya tumbo kama ngumi, amekufa au yuko njiani. Sababu yake ni nzuri kuijua: viungo vikuu vya mguu wa buibui vina misuli ya kukunja tu. Kunyoosha hufanywa kwa msukumo wa damu, kama maji yanavyounyoosha mpira wa bustani. Moyo ukisimama, msukumo haupo, miguu inajikunja yenyewe.

Sumu yake inaua mtu?

Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kimesababishwa na sumu ya tarantula, popote duniani. Nalisema hili mapema na kwa sauti, kwa sababu hofu yenyewe huwafanya watu wakimbizane, waanguke, wajikate kwa wembe.

Lakini nisikudanganye upande wa pili. Kung'atwa na tarantula wa Afrika au Asia si sawa na kuumwa na nyuki. Wale wa Amerika sumu yao kwa kawaida ni hafifu. Ya hawa wetu ina nguvu zaidi, na maumivu yanaweza kumlaza mtu mzima siku nzima.

Sumu hiyo ni mchanganyiko wa protini ndogondogo zinazofungua au kuziba milango midogo ya neva na misuli. Watafiti walipochunguza tarantula mmoja wa Trinidad mwaka 2006, waligundua kwamba sumu yake hufungua mlango uleule wa neva unaofunguliwa na pilipili. Maabara iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya David Julius, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa ugunduzi wa mlango huo. Kwa maneno mengine, mwili unaamini unaungua wakati hakuna moto. Leo sumu za buibui zinachunguzwa kwa matumaini ya kupata dawa za kutuliza maumivu.

Mtu aking'atwa anahisi nini?

Mara nyingine hakuna kitu zaidi ya matundu mawili, kwa sababu buibui anaweza kung'ata bila kuingiza sumu. Akiingiza, maumivu huanza hapohapo, makali, yanayochoma na kupwita. Sehemu huwa nyekundu, huvimba na kukakamaa. Maumivu yanaweza kupanda kutoka kidoleni hadi kwapani. Wengine huhisi kichefuchefu au hutokwa na jasho.

Kinachowashtua watu ni mikazo ya misuli. Hata baada ya uvimbe kupungua, siku ya pili au ya tatu, misuli ya mguu au mkono inaweza kukaza ghafla kama ya mchezaji aliyechoka, na kwa wachache imerudi kwa siku kadhaa. Hiyo haimaanishi sumu imepanda moyoni. Huisha. Hata hivyo, aliyefikia hatua hiyo anapaswa kuonwa hospitali, ambako zipo dawa za kutuliza maumivu na kulegeza misuli. Dawa maalumu ya kuondoa sumu ya tarantula haipo, wala haihitajiki kwa kawaida.

Huduma ya kwanza ni ipi?

Ondoka pale alipo buibui. Vua pete, bangili, saa au shanga upande ulioumia kabla mkono haujavimba; hili husahaulika kuliko yote, nami nimeona pete ikikatwa kwa msumeno. Osha kwa sabuni na maji mengi. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi kisha pumzisha, kisha rudia. Inua mkono au mguu juu ya mto. Parasetamo kwa kipimo kinachoandikwa kwenye pakiti inasaidia.

Uliza lini alichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Meno yale yametoka kwenye udongo, na pepopunda yenyewe inaua.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja akiwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mwenye ugonjwa wa moyo. Au akianza kupumua kwa shida, kuvimba midomo na uso, kutapika mfululizo, kuhisi maumivu ya kifua au kukaza misuli. Ukiweza kupiga picha ya buibui kwa simu, piga. Kumkimbiza ili umuue umpeleke kwa daktari si lazima, na hivyo ndivyo mtu wa pili anavyong'atwa.

Jiwe jeusi la nyoka, mafuta ya taa, kuchanja, kufunga kamba?

Hapana kwa yote manne. Jiwe halinyonyi kitu. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Kuchanja huongeza kidonda na wadudu wa maradhi. Kamba inaziba damu, na mkono uliokuwa na maumivu ya siku mbili unaweza kuharibika kabisa. Wazee wangu nawaheshimu, na kwa mengi ya porini wao ndio walionifundisha, lakini hapa nawaomba wakubali maji, sabuni na barafu.

Niling'atwa gizani, sikuona na nini.

Hesabu kuwa ni nyoka mpaka hospitali iseme vinginevyo. Matundu mawili karibu na shimo au chini ya jiwe yanaweza kuwa ya kifutu, ambaye huku yuko kila mahali na mara nyingi halii wala hakimbii. Uvimbe unaopanda kwa kasi, malengelenge, damu inayochuruzika bila kukoma kwenye tundu au kwenye fizi, si dalili za tarantula. Kope zinazoshuka, ulimi mzito, kushindwa kumeza, hizo ni za swila au koboko, na hapo dakika zinahesabika. Mlaze, usimtembeze, mfunge gango asiuchezeshe ule mguu, tafuta gari.

Nina malengelenge asubuhi. Nimekojolewa na buibui?

Buibui hawakojolei watu. Mstari mwekundu wenye malengelenge, hasa shingoni au palipokunjana mkono, mara nyingi ni yule mdudu mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi anayezagaa wakati wa mvua. Hang'ati, ukimpondea kwenye ngozi majimaji yake huunguza. Mpeperushe, usimpige. Malengelenge yaliyojipanga upande mmoja wa mbavu au uso, yenye maumivu ya kuchoma, ni mkanda wa jeshi, na yanahitaji matibabu mapema. Kidonda kinachokua siku hadi siku chenye usaha kwa kawaida ni bakteria. Kumsingizia buibui huwachelewesha watu kupata tiba.

Je, manyoya yake yanawasha?

Ya wa Amerika ndiyo: huyafutua kwa mguu wa nyuma, nayo yakiingia machoni ni hatari. Wa kwetu hawana.

Mbwa na mifugo?

Ng'ombe na mbuzi usiwe na wasiwasi. Mbwa ni jambo jingine. Nchini Australia imeandikwa mbwa kadhaa waliokufa baada ya kung'atwa na tarantula wa huko, ilhali watu waliong'atwa walipona. Si lazima wetu wawe sawa na wale, lakini mbwa wangu simruhusu kuingiza pua kwenye mashimo usiku.

Ameingia chumbani. Nifanyeje?

Watoto watoke, taa iwake. Tafuta bakuli pana au kopo la plastiki, si glasi nyembamba itakayombana miguu. Mfunike taratibu kutoka juu, subiri atulie, kisha pitisha kipande cha boksi gumu chini. Mtoe nje mpaka kwenye mawe au kichaka. Usimwinue kwa ufagio akaanguka: tumbo lake ni kama puto la maji, na kuanguka kutoka usawa wa meza kunaweza kulipasua.

Kisha ziba ule mwanya chini ya mlango. Kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa kinatosha. Taa ya nje ukiizima, wadudu wanapungua, na anayewafuata wadudu naye anapungua. Kung'uta mabuti na glavu kabla ya kuvaa. Kuni na tofali zilizopangwa tangu kiangazi, zigeuze kwa jembe kwanza, siyo kwa mkono.

Nipulizie dawa?

Sishauri. Dawa ya kuulia mende haimfikii aliye chini shimoni, ila inawamaliza wanaomla na anaowala. Tarantula tayari ana maadui wa kutosha: nyegere humfukua, nguchiro na nyani humla, hondohondo humdonoa. Nyigu mkubwa mweusi mwenye mbawa za rangi ya kutu ndiye adui wa kutisha kuliko wote. Humchoma sumu ya kumpoozesha, humburuta hadi shimoni, hutaga yai moja juu yake na kufukia. Buibui hubaki hai huku funza wa nyigu akimla kidogokidogo. Niliwahi kumtazama nyigu huyo kazini njiani kuelekea Hombolo kwa saa nzima, pikipiki zikinipita, na bado sijaona kitu kilichonifundisha zaidi kuhusu subira.

Naweza kumfuga au kumuuza?

Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na kijana anayekuambia ana mteja Ulaya anakuingiza matatani. Kabla ya kumkamata mnyama yeyote wa porini, uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Kumfuga nyumbani pia sishauri. Wafugaji wazoefu huko ng'ambo humpa Pterinochilus heshima ya pekee, hawamshiki mkononi, kwa sababu ya kasi yake na wepesi wake wa kung'ata.

Kuna shimo la tarantula mahali ninapotaka kujenga msingi. Niliache?

Ukiweza kusogeza choo au ukuta mita mbili, afadhali. Kama haiwezekani, mhamishe kabla tinga halijafika, na chagua siku baada ya mvua. Ingia jioni, pachika jani refu la nyasi shimoni ulitikise taratibu. Mara nyingi atalifuata mpaka mlangoni akidhani ni panzi. Ziba shimo nyuma yake kwa sepetu na umfunike kwa kopo. Akiwa na kifuko cha mayai, mwache walau wiki chache, hata fundi akinung'unika.

Upande wa pili wa kiwanja, penye kivuli na udongo usiotuamisha maji, toboa shimo kwa mtalimbo, kina cha kiganja na nusu, lililolala kidogo upande. Egemeza jiwe bapa juu ya mdomo wake. Laza kopo kando, ondoa kifuniko, zima tochi. Ukirudi asubuhi ya tatu au ya nne ukaona uzi mweupe pembeni mwa jiwe, amekubali.